Safari ya Baiskeli Kandokando ya Kivu: Mpango Uanzie Nyumbani

Rwanda haina bahari, lakini mwambao inao. Tangu Rubavu upande wa kaskazini hadi Rusizi upande wa kusini, mahali ambapo wengi hadi leo wanapaita Cyangugu, wilaya tano za Mkoa wa Magharibi zimejipanga mbele ya maji ya Ziwa Kivu: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Kandokando ya maji hayo hupita njia ya wapandao baiskeli na waendao kwa miguu, yenye urefu wa kilomita 227, ijulikanayo kwa jina la Njia ya Kongo-Nile. Huanzia Rubavu na kukomea Kamembe, mji ulio mlangoni mwa Bukavu.

Kwa familia ya askari au polisi anayetumikia Rusizi, hiyo ni likizo iliyo karibu na nyumba. Haidai pasi ya kusafiria wala tiketi ya ndege. Inadai baiskeli nzima, miguu yenye mazoezi na siku chache za ruhusa. Hata hivyo ni safari iwezayo kuwavunja watu wasiojiandaa, na aghalabu kosa huanza kabla ya safari yenyewe, siku ile mtu mmoja anapoketi peke yake na kalamu akawapangia wenzake wote.

MIGUU YA NANI?

Achukuliwe kwa mfano sajini wa polisi aliyepewa likizo ya siku kumi. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Wana kijana wa miaka 16 na binti wa miaka 13. Jioni moja sajini anachukua karatasi, anagawanya kilomita 227 kwa tatu, anapata kilomita 76 kwa siku, anaweka kalamu chini kwa furaha.

"Siku tatu zatosha," anasema. "Katika mafunzo tulikwenda zaidi ya hapo."

"Baba watoto," mkewe anajibu, "hesabu yako haina kosa. Lakini miguu uliyoihesabu ni ya nani?"

Swali hilo ndilo msingi wa mpango wote. Sajini alihesabu miguu yake, na katika safari hiyo miguu yake ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Kundi la wapanda baiskeli huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Akiachwa, kundi limevunjika; akilazimishwa, ataumia, na kundi zima litasimama kando ya njia likimtazama.

Basi hesabu ifanywe upya kwa miguu ya binti. Ikiwa penye milima, pamoja na mzigo, yeye huenda kilomita 8 kwa saa, kilomita 76 zitamchukua saa tisa na nusu za kukanyaga pedeli. Zikiongezwa saa mbili za kula na kupumzika, zinakuwa saa kumi na moja na nusu. Akiondoka saa 12:30 asubuhi atafika saa 12 jioni, jua likizama, bila dakika moja ya kuziba pancha. Lakini kilomita 227 zikigawanywa kwa siku tano ni kama kilomita 45 kwa siku. Kwa mwendo uleule, pamoja na mapumziko, binti atafika mnamo saa 8 mchana. Hapo zimebaki karibu saa nne za mwanga kwa ajili ya mvua, tairi na uchovu. Tofauti ya mipango miwili ni saa nne hizo, na ndizo zitakazoamua kama mtoto huyo atakubali kupanda baiskeli tena na wazazi wake mwakani.

Wala mwendo wa mtu haukisiwi. Hupimwa. Kwa familia ya Kamembe, mahali pazuri pa kupimia ni barabara iteremkayo kuelekea bonde la Bugarama: washuke sehemu ya njia, kisha warudi kwa kupanda, baiskeli zikiwa na mizigo ileile itakayochukuliwa safarini. Jaribio hilo lifanywe mara tatu kabla ya likizo, na saa ziandikwe. Namba itakayopatikana katika jaribio la tatu ndiyo iingie katika mpango.

KWA NINI MWAMBAO HUU HAUNA TAMBARARE

Asikiaye neno mwambao huona kichwani barabara nyoofu na minazi. Mwambao wa Kivu ni kitu kingine. Uso wa ziwa lenyewe uko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na juu yake umesimama mgongo mrefu wa milima ugawanyao maji ya Afrika. Mvua inyeshayo upande wa mashariki wa mgongo huo huingia Nyabarongo, ikafuata Akagera hadi Ziwa Victoria, na mwisho wake ni Mto Nile. Inyeshayo upande wa magharibi huteremkia Kivu, hutoka kwa Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, na kutoka huko huingia Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Kutokana na jambo hilo ndipo njia hii ilipopata jina lake.

Sasa mpanda baiskeli hupita chini ya mgongo huo kutoka kaskazini kwenda kusini, na kila kijito kishukacho ziwani kimechimba bonde lake. Kwa hiyo yeye hukatiza mabonde, moja baada ya jingine: hushuka hadi darajani, hupanda hadi kileleni, hushuka tena. Juu ya hayo, wataalamu wa miamba hueleza kwamba hapo kale maji ya upande huu yalielekea kaskazini, hata volkeno za Virunga zilipoziba njia hiyo. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, yakatafuta mlango kusini. Ndiyo sababu ufuko una ghuba na rasi nyingi kama vidole vya mkono, na njia iufuatayo huzunguka kila kidole.

Ipo pia barabara ya lami iunganishayo Rubavu, Karongi na Rusizi. Nayo ina milima, lakini magurudumu huteleza vizuri na mabasi hupita. Familia yenye watoto yaweza kuchanganya: mahali pa udongo mkavu ifuate njia ya ufukoni, na mvua ikinyesha ipande kwenye lami. Udongo ukilowa hujaa kwenye breki na mnyororo, na mteremko wa matope hauna huruma na mtu.

KWENDA KWA BASI, KURUDI KWA BAISKELI

Mkazi wa Rusizi hushawishika kuanzia mlangoni pake na kuelekea kaskazini. Yafaa afikiri mara mbili. Akianza nyumbani, kila siku impitayo humweka mbali zaidi na kitanda chake, na siku ya mwisho humkuta Rubavu, amechoka, likizo inakwisha, bado anatafuta gari la kumrudisha pamoja na baiskeli nne.

Ni bora safari ya basi itangulie, nguvu na fedha zikiwa bado zipo. Baada ya hapo kila pedeli inaelekea nyumbani. Mtu akiugua siku ya nne, yuko karibu na ndugu na majirani. Mabasi madogo hayana nafasi nyingi ya baiskeli, kwa hiyo mapatano na wenye gari yafanywe siku kadhaa mbele, au baiskeli zitangulie kwa lori linaloaminika.

Vituo vya kulala vyaweza kuwa Kinunu katika Rutsiro, penye mashamba ya kahawa, Karongi, mji uliokuwa ukiitwa Kibuye, Mugonero, na Karengera katika Nyamasheke. Siku ya tano huwafikisha Kamembe. Karongi iko katikati ya njia, na hapo yapasa kupumzika siku nzima. Hivyo likizo ya siku kumi hugawanyika vyema: moja ya maandalizi, moja ya basi, tano za kupanda, moja ya mapumziko, na mbili za akiba. Siku za akiba zisiahidiwe harusi wala shamba. Zikibaki, baba ataripoti kazini akiwa amelala usingizi wa kutosha.

MIEZI NA TAREHE

Mvua kubwa za masika huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo milima ya magharibi hulowa, na udongo huporomoka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliwaua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na wilaya za mwambao huu zilikuwa miongoni mwa zilizopigwa vibaya. Hapana starehe inayostahili kupelekwa mahali hapo katika majira hayo. Isitoshe, tarehe 7 Aprili taifa huanza kuomboleza wahanga wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, na siku hizo si za matembezi.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kifaacho. Tangu mwaka wa masomo wa 2021 ulipoanza kuhesabiwa kutoka vuli, likizo ndefu ya shule huangukia baada ya masomo ya Julai, na hivyo mwalimu na watoto wake huwa huru wakati uleule njia inapokauka. Ikumbukwe pia kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni ya umuganda. Asubuhi hiyo shughuli husimama na barabara hunyamaza. Mpango usiweke siku ya kupanda hapo. Iwe siku ya mapumziko, na wageni waulize ni wapi wanakijiji wanafanya kazi, wachukue jembe.

BABA AKIITWA KAZINI

Hili ndilo jambo ambalo familia za raia hazina haja ya kuliwaza sana, lakini familia za vikosi haziwezi kulikwepa. Rubavu inatazamana na Goma, na Rusizi inatazamana na Bukavu. Januari na Februari 2025 vita viliikumba miji hiyo miwili ya Kongo, na jirani zake wa ng'ambo hii walisikia. Kabla ya kuondoka, hali ya mipaka iulizwe kwa viongozi wa mahali. Na hata penye utulivu, likizo ya askari yaweza kukatizwa kwa simu moja.

Basi mpango mwema ni ule usiosimama juu ya miguu ya mtu mmoja. Ikiwa baba peke yake ndiye ajuaye pa kulala, mahali zilipo fedha na namna ya kufungua gurudumu, siku atakapoitwa mama na watoto watabaki kando ya njia kama abiria wa gari lisilo na dereva. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi zigawanywe nyumbani: mama ashike fedha na orodha ya malazi, kijana ashike vifaa na ajue kuziba pancha kwa mikono yake, binti ashike daftari la njia, lenye majina ya vituo, simu na hospitali. Baba, ambaye siku zote huamuru, apewe kazi ya kwenda nyuma ya wote, amwone kila mmoja.

Na uamuzi mgumu ufanywe mapema, kabla hasira na uchovu havijaingia. Sajini akiitwa kabla ya Karongi, familia itafika Karongi na kurudi kwa basi. Akiitwa baada ya Karongi, mama ataamua mwenyewe, na hakuna atakayemlaumu. Nauli ya kila mtu ya kurudi kwa basi iwekwe kando, isichanganywe na fedha za chakula hata kwa siku moja. Fedha za simu zina faida yake, lakini noti chache ziwepo mfukoni kwa siku ambayo chaji imekwisha.

Daftari la binti liandikwe hospitali kwa mpangilio wa njia: Gisenyi, Murunda katika Rutsiro, Kibuye na Mugonero katika Karongi, Kibogora na Bushenge katika Nyamasheke, Gihundwe katika Rusizi. Polisi hupatikana kwa namba 112, na gari la wagonjwa kwa 912. Kadi za bima ya afya na vitambulisho vifungwe katika mfuko usioingia maji.

VYOMBO NA MIZIGO

Katika nchi ya milima, breki huja kabla ya gea. Raba mpya zifungwe kabla ya safari, na jozi mbili za akiba zichukuliwe. Nyaya za breki zikaguliwe zisiwe zimechanika uzi hata mmoja. Vinginevyo vinatosha hivi: mipira ya ndani miwili, viraka na solusheni, pampu, spana, mafuta ya mnyororo, kipande cha mnyororo na spoki chache. Kila baiskeli iwe na kengele, taa na kioo chekundu nyuma, na kila kichwa kiwe na kofia ngumu.

Mzigo ufungwe chini, juu ya keria, pande zote mbili sawa. Nguo jozi mbili, sweta, koti la mvua, chandarua, sabuni. Kila kitu cha tatu kirudi kabatini. Mama wa nyumba ajuaye kufunga sanduku la kuhamia kituo kipya ana ujuzi mkubwa katika kazi hii kuliko mumewe.

Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, na kila mtu aanze siku na lita mbili au tatu. Tumbo likiharibika, mchanganyiko wa nyumbani huokoa: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Chakula si tatizo. Viazi, ndizi na maharage vipo kila kituo, na ziwani wapo sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wao huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa usiku, na nyimbo zao hufika nchi kavu.

ADABU YA NJIA

Rwanda hushika mkono wa kulia. Mgeni atokaye Tanzania, Kenya au Uganda ajikumbushe hilo kila asubuhi. Familia iende mstari mmoja. Katika mteremko kila mmoja aache nafasi kubwa mbele yake, na breki zikamatwe na kuachiwa kwa zamu, zisishikwe mfululizo hadi rimu ichemke. Kamwe mtu asishike nyuma ya lori ili avutwe mlimani. Tabia hiyo imewaua vijana wengi, na mtoto wa polisi aifanyaye humfundisha kijiji kizima kudharau sheria ambayo baba yake ameapa kuilinda.

Chini ya maji ya Kivu, yenye kina cha mita karibu 480, imeyeyuka gesi nyingi. Karibu na Karongi mtambo uliozinduliwa mwaka 2016 huitoa methani hiyo na kuzalisha megawati 26 za umeme. Watoto wauone kwa mbali na waelezwe. Katika maeneo ya volkeno kaskazini mwa ziwa, hewa nzito ya kaboni dioksidi, ambayo wenyeji huiita mazuku, hujikusanya katika mashimo na mabonde madogo. Hema lisipigwe shimoni, na mtoto asitumwe kufuata mbuzi mahali pa namna hiyo.

Katika milima ya Karongi pako Bisesero, mahali ambapo mwaka 1994 watu waliowindwa walijitetea kwa mawe na mikuki kabla ya maelfu yao kuuawa. Kumbukumbu yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2023. Anayepitia huko ashuke kwenye baiskeli, azime redio, awaambie wanawe kwa lugha wanayoielewa.

Dunia yenyewe sasa inaijua milima hii kwa baiskeli. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Washindani wale walikuwa na magari nyuma yao, mafundi na madaktari. Familia ya askari haina hayo. Ina daftari, akiba ya nauli na watu wanaojuana. Vinatosha, kama vimepangwa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kununua chochote, ketini nyote mezani na karatasi moja. Aulizwe kwanza aliye dhaifu kuliko wote: waweza kwenda umbali gani bila kuchukia? Jibu lake liandikwe juu kabisa, na mengine yote yafuate chini yake. Jumamosi ijayo, kama si ya umuganda, tokeni asubuhi na mizigo kwenye keria, mkapime. Wahenga walisema kawia ufike. Na katika milima ya Kivu, afikaye saa 8 mchana hupata muda wa kuoga ziwani pamoja na watoto wake.